Pikipiki ya Mama Niliyoinyamazisha

Nianze na upumbavu wangu, nisije nikasingiziwa mkubwa zaidi ya ule nilioufanya. Nilichukua pikipiki ya kwanza ya mama yangu, nzima, haina homa wala kikohozi, nikafungua vifuniko vya tapeti na kubana mpaka injini ikanyamaza. Halafu nikasimama pembeni nimeshika kiuno, kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

Hilo limeshasemwa. Sasa tukae vizuri.

Wadogo zangu mnaosubiri likizo mkajazane kwenye gereji za Isevya, mkidhani ufundi pikipiki ni kuvaa ovaroli na kujipaka oili shavuni ili wasichana wajue una shughuli, mimi ninayewaandikia ni mstaafu. Chekeni mmalize. Najua niko kidato cha nne, na ndevu zangu bado zinaonekana nikisimama upande wa jua tu. Lakini kustaafu si mvi. Kustaafu ni kuamka Jumamosi mikono inakuwasha kwa kazi, halafu unakumbuka kwamba kazi huna, una zoezi la kemia. Wenzangu wa serikalini hupewa kiinua mgongo. Changu mimi ni kovu la ekzosi kwenye mguu wa kulia, lisilotoka hata kwa limau, na bisibisi moja ndefu ambayo mwenyewe hajagundua kwamba haipo. Akisoma hapa atagundua. Shikamoo, fundi.

Mwenyewe ni Fundi Nasoro, na kwake ndiko nilikofanya kazi kila Jumamosi na likizo zote tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Ni Mwarabu wa hapahapa Tabora, wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na misafara wakasahau kurudi kwao. Kaka zake wanauza vitambaa na mchele, kucha zao safi. Yeye kucha zake ni nyeusi mpaka ndani, na mama yake akiulizwa ana watoto wangapi humtaja Nasoro wa mwisho, tena kwa sauti ya chini, ingawa ndiye wa kwanza kuzaliwa.

Mdomo wake ulikuwa na spana zake. Siku nilipolemewa na injini nikaiweka chini katikati ya njia, aliniangalia kwa huzuni ya kuigiza.

"Wewe Mnyamwezi gani? Babu zako walibeba mizigo kwa miguu toka hapa mpaka pwani. Wewe injini ya pikipiki imekushinda kuifikisha mezani."

"Mizigo yenyewe ilikuwa ya babu zako, fundi. Ndiyo maana sisi wajukuu tumezaliwa tumechoka."

Alicheka mpaka kahawa ikampalia. Tangu siku ile alininywesha kahawa kwenye kikombe chake mwenyewe, na kwa Fundi Nasoro hakuna cheo kikubwa zaidi ya hicho.

Msidhani nitawaambia alikuwa na hekima. Alikuwa na makosa mengi, na aliyatetea kama watoto wake. Pikipiki ikikataa kuwaka, kwake lazima ni mafuta ya kwenye chupa. Siku moja alimlaani kila muuza mafuta wa njia nzima ya Sikonge, akamwaga tangi, akaosha kabureta, akapuliza mipira, akapiga kiki mpaka ndala ikakatika. Mimi nilikuwa naona muda wote kwamba swichi ya kuzimia imebonyezwa. Nilimwacha, maana ilikuwa inapendeza kumtazama. Alipogundua alinipa tambara nikafute sakafu ambayo haijawahi kufutwa tangu ijengwe.

Lakini masikio, wadogo zangu. Kwa masikio sikuona wa kumlinganisha naye.

Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa hiyo bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kisha ninyamaze. Kwangu mimi hiyo ya mwisho ilikuwa adhabu. Akaiacha pikipiki kwenye silensa, yaani ule mngurumo wa chini injini ikiwa imewaka na hakuna anayevuta mafuta, akaenda kunywa kahawa. Nilisimama pale nimeinama kama daktari wa mbuzi. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baadaye kelele ikaanza kugawanyika. Kuna kitu juu kinasema tik-tik-tik, kavu, chepesi. Kuna kitu ubavuni kinaburuzika kama mnyororo wa mbwa kwenye saruji. Kuna kitu chini kinaguna. Aliporudi nilimwambia mle ndani kuna watu wengi.

"Ndiyo," akasema. "Na wote wanafanya kazi. Kelele ya mtu anayefanya kazi na kelele ya mtu anayeumwa hazifanani. Utasikiliza mpaka uzitofautishe."

Nilisikiliza mwaka mzima. Nawapeni bure. Kama mlio unapotea ukibana klachi, shida iko kwenye klachi, msifungue kichwa cha injini mkijitafutia sifa. Kama unasikika ukiwa umesimama lakini ukigusa ekzosi kwa mguu unanyamaza, ni nati, kazeni mkalale. Mlio wa mnyororo unaoburuzika ubavuni, muulizeni mwenye pikipiki mara ya mwisho alibadilisha oili lini, kisha mtazameni usoni, si mdomoni. Na ile tik-tik-tik ya juu, kama ni ndogo na inakwenda sawasawa, hiyo ni tapeti. Iacheni.

Tapeti ni kijisukumio kinachofungua valvu. Kati yake na valvu lazima pabaki nafasi ndogo sana, na fundi wa kwetu huipima kwa kipande cha wembe injini ikiwa imepoa kabisa: wembe upite kwa kubembelezwa, usipite kwa kukimbia wala usigome. Ile nafasi ndiyo inayolia. Chuma kikipata moto kinarefuka, na nafasi ile ndiyo kinaporefukia. Ukiifunga yote injini inakuwa kimya na tamu, na mwenye pikipiki anakuombea dua. Ikishachemka, valvu haifungi tena. Nguvu inavuja, na ukishusha silensa tu, inazima. Ikipoa inawaka tena kama haijafanya kitu, ili ikudanganye mpaka mbele kidogo.

Haya yote niliyajua. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba kujua hakumzuii mtu.

Alikuja siku moja kijana wa bodaboda, jasho linamtoka, anasema injini inagonga, heri aiuze amalize biashara. Fundi Nasoro akaiwasha, akasikiliza, akamwambia aiache hadi jioni. Kijana alipoondoka, fundi alichomoa funguo za pikipiki, zilizokuwa zimefungwa pamoja na kifungulio cha soda kikubwa kama kijiko cha ugali, na ndicho kilichokuwa kinagonga plastiki silensa ikishuka. Akakitoa, akakiweka mfukoni, tukanywa kahawa mchana kutwa. Jioni kijana akaja, akawasha, akafumba macho.

"Fundi, imekuwa laini. Imekuwa kama ya dukani."

"Nimeikuta pabaya," fundi akasema, hata hakucheka. "Na soda ununue za kopo."

Sasa mama.

Mama yangu ni fundi cherehani. Kwenye kwaya ya kanisani kwetu, Moraviani, anaimba sauti ya pili, na mtu akipotoka nusu ya sauti hata kama yuko mstari wa nyuma, mama anageuza shingo. Kwa hiyo nyumbani kwetu masikio hayakuanza na mimi.

Pikipiki aliinunua mchezo wa kupeana fedha wa akina mama wa kwaya ulipomfikia, na aliinunua kwa ajili ya Bibi, mama yake mzazi, anayekaa Igalula peke yake na shamba la karanga. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa amefikia kumwagilia maji kuku akidhani ni mche wa papai. Kuhamia mjini alikataa. Mama alikuwa akienda kwa basi, anashushwa barabarani, anatembea kwenye mchanga, anafika jua liko kichwani, anapika, anafua, anageuza. Siku aliyoniambia ananunua pikipiki nilicheka, nikadhani ni utani. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, amevaa suruali ndani ya gauni, katika umri ambao wenzake wananunua miwani. Alianguka, akafuta mchanga, akapanda. Mwishoni watoto waliokuja kumcheka walichoka wakaondoka, yeye akabaki anazunguka.

Wadogo zangu, sijawahi kumwona mama yangu na furaha ya aina ile. Akirudi Igalula anaingia uani kwa silensa, taratibu, tik-tik-tik-tik, anakaa kidogo juu yake kabla ya kuzima, kama mtu asiyetaka kushuka kitandani. Mimi ndani naacha daftari. Ndipo nyumba yetu ilikuwa inaanza usiku wake.

Ila ile kelele ilimsumbua. Kijana yeyote anayeanza kuendesha atawaambia: ukienda kasi husikii kitu, ukipunguza unasikia kila kitu, na kila unachosikia unadhani umekiharibu wewe. Vijana wa kijiweni pale kwenye kona walishamjua.

"Mama Mihayo, leo umepakia mashine ya kusaga?"

"Nimekuja kuchukua unga wa mama yako," alikuwa anawajibu, lakini nyumbani alikuwa anainama kwenye injini na kuisikiliza, uso umemkunjamana.

Kulikuwa na jambo la pili, nililiona mimi na nikalinyamazia. Mama alikuwa anaogopa gia. Akishafika gia ya nne hatoki, hata kama anakwenda mwendo wa baiskeli ya mkaa, na injini ikilazimishwa hivyo huwa inagonga ko-ko-ko na kutikisika yote. Dawa yake ni neno moja tu: shuka gia. Neno hilo sikulisema. Kumfundisha mama yako gia kunahitaji ukae nyuma yake barabarani, vijana wa kijiweni wakikuona. Nilikuwa na heshima yangu ya kulinda.

Ikaja wiki ya madaktari wa macho. Gari la matangazo lilipita mtaa kwa mtaa: wazee waletwe hospitalini, wanatolewa mtoto wa jicho, mwisho Ijumaa. Mama alimpigia Bibi Jumatatu. Bibi akasema yuko kwenye karanga.

"Mama, ni macho."

"Macho yamesubiri miaka yote hii. Karanga zikiachwa ardhini zinaota."

Walibishana kwa simu mpaka salio likaisha, na mwisho Bibi alikubali Ijumaa yenyewe, siku ya mwisho, karanga zikiwa zimeng'olewa zote.

Alhamisi jioni mama alirudi toka sokoni, akaiacha pikipiki kwenye silensa uani, akaniita.

"Mihayo, njoo usikilize. Hii ni ugonjwa, au ni mimi naiharibu? Kesho nambeba mama yangu."

Jibu lilikuwa fupi. Ni nzima, mama, ila shuka gia ukipunguza mwendo. Mngekuwa nyinyi mngelisema. Mimi nilimwona mama yangu anayejua kila kitu ananiuliza mimi, kwa mara ya kwanza, kama watu wanavyomuuliza Fundi Nasoro. Nikaweka mikono kiunoni. Nikasema, "Niachie."

Injini ilikuwa ya moto. Wembe sikutafuta. Nilifungua vifuniko, nikabana kidogo, nikawasha, nikasikiliza, nikabana tena. Ile tik-tik-tik ikapungua, ikawa mnong'ono, ikaisha, nikabana na kidogo tena ili isirudi. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanga yake. Akasogea, akainama, akasikiliza, uso ukamfunguka wote.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ulikuwa unajifunza kweli kule."

Natamani ningewaambia kwamba neno lile sikulifurahia.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, nusu kwa mama na nusu kwa Bibi, na nusu ya Bibi ndiyo ina vichekesho. Kwenda, asubuhi ya baridi, ilimzimikia mara chache tu alipopunguza mwendo, naye akadhani ni yeye. Igalula akamkuta Bibi ameshavaa gauni la Pasaka na amekaa mlangoni na kifurushi cha karanga za madaktari. Kwa kuwa haoni na hajawahi kupanda, mama alimkalisha nyuma, akamfunga kwa kanga mgongoni kwake, vilevile Bibi alivyomfunga yeye zamani. Wakatoka hivyo. Kwenye mchanga lazima uende polepole, na jua lilikuwa limeshapanda. Injini ikachemka. Ikazima.

Mama akapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Wakakaa kando ya njia. Ikawaka. Wakafunga kanga upya. Wakaenda kidogo tu, ikazima.

"Nilimwambia," Bibi alinisimulia, "hata babu yako alikuwa hivyo. Unamsubiri apoe, anakuitikia vizuri, halafu ukimtuma tu anakufa tena."

Mwisho mama alisukuma. Bibi alishika chuma cha nyuma cha kiti akamfuata kwa kuvutwa, gauni la Pasaka likizoa mchanga. Hivyo mpaka barabara ya lami, na pale wakasubiri, mpaka gari la mkaa likawapakia wote watatu, mama, Bibi na pikipiki.

Mimi nilitoka shule nikapita hospitalini, nimetia kifua mbele, nikitarajia kumkuta Bibi amefungwa bandeji. Wakati nafika, wale madaktari walikuwa wanapakia masanduku yao. Nesi mmoja aliyebaki alikuwa anakunja meza. Lile gari la mkaa likaingia getini. Mama alishuka, viganja vimechubuka, hakunitazama, akaenda moja kwa moja kwa nesi. Sikusikia maneno yao. Niliona tu nesi anatikisa kichwa kwa upole, anaonyesha masanduku, na mama anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena, kama mtu anayeelekezwa njia.

Bibi alikuwa ameachwa amekaa juu ya gunia, mweusi kwa vumbi la mkaa.

"Mihayo, ni wewe? Najua ni wewe, unaburuza miguu. Shika hizi karanga. Madaktari wenyewe inaonekana wameshiba."

Wakasema watarudi. Lini, hawakusema.

Kesho yake Jumamosi mama aliisukuma pikipiki mpaka kwa Fundi Nasoro. Mimi nikamfuata nyuma. Fundi alifungua, akaingiza kipande cha wembe. Hakikuingia. Akajaribu upande wa pili. Akakirudisha mfukoni taratibu.

"Nani ameshika hapa?"

Jibu alishalijua, na mama naye akaanza kujua.

"Mama Mihayo, dada yangu," akasema, na alisema na mama tu, kana kwamba mimi ni tairi. "Mashine yako haikuwa na kitu. Huo mlio ndio uzima wake. Na ukienda polepole shuka gia, isigonge. Basi."

Mama alimshukuru. Akageuka kwangu. Nilitegemea kofi, nilishaandaa hata shavu.

"Hapa sitaki kukuona tena mpaka umalize kidato cha nne," akasema. "Kama ni kusikiliza, kasikilize walimu."

Ndivyo nilivyostaafu, wadogo zangu. Hapakuwa na hotuba wala keki.

Fundi alisaga valvu, akaweka nafasi kwa wembe, pikipiki ikapona siku ileile. Mama hakuipanda. Bibi hakuweza tena kuachwa peke yake, alishaanguka mara moja jikoni, kwa hiyo mama alihamia Igalula na cherehani yake, kwa basi. Mimi nikahamishiwa kwa mama mdogo ili nisikose shule, na pikipiki ikawekwa uani kwake chini ya kitenge, kama maiti ya mtu mnene.

Nilijaribu kurudi kazini. Nilivaa kofia ya mjomba nikapita gereji kama mteja.

"Toka," Fundi Nasoro akasema, hajainua hata kichwa. "Gauni la sikukuu la mke wangu liko kwa mama yako. Unataka nife?"

Kikombe chake kilikuwa juu ya boksi la spana, kinafuka moshi. Alikitazama, akanitazama, akakisogeza nyuma ya boksi nisikione. Wadogo zangu, kule kusogeza kikombe kuliniuma kuliko maneno yote.

Kwa hiyo nikawa mtu wa kusikiliza tu. Darasani kwetu dirisha linatazama barabara, na bodaboda wakipunguza mwendo pale kwenye tuta mimi huwa siko kwenye somo. Huyo klachi imeisha. Huyo hajabadilisha oili tangu mvua za vuli. Huyo tapeti zake nzima, nenda baba. Mwalimu wa fizikia aliniuliza mawimbi ya sauti ni nini, nikamjibu inategemea, yuko gia ya ngapi. Nilipiga magoti nje hadi kengele, na pale nje nilisikia vizuri zaidi.

Siku hizi zimeanza kuja pikipiki za umeme. Zinapita kama paka. Nyinyi mtakaoanza kazi na hizo nawahurumia, maana hamtakuwa na wa kumsikiliza. Nawaonea na wivu pia: hakuna atakayewaomba mzinyamazishe.

Jioni, kazi za mama mdogo zikiisha, nilikuwa nafunua kitenge, napiga kiki, eti betri isife. Betri ilikuwa nzima. Nilikuwa naiacha kwenye silensa, nakaa kwenye ndoo karibu yake. Tik-tik-tik-tik, sawasawa, haiharakishi. Mara nyingine nilifumba macho nikasubiri ule muda ambao mama angeizima na kuniita nipokee mzigo. Mkono wa kuizima ulikuwa wangu, kwa hiyo ilichelewa kuzimwa. Mama mdogo alilalamikia mafuta. Nikamwambia ni masomo ya vitendo.

Mama alikuwa anapiga simu Jumapili. Nyuma ya sauti yake nasikia kuku, nasikia Bibi anambishia mtu asiyekuwepo. Anauliza shule. Anauliza kama nakula. Pikipiki hakuiuliza hata mara moja, na mimi sikuthubutu kuitaja. Tulikuwa tunaizunguka kama shimo la choo lililofunikwa vibaya.

Halafu gari la matangazo likapita tena. Madaktari wa macho wamerudi. Nilikimbia kumpigia mama kwa simu ya mama mdogo, nikakuta ameshasikia redioni, yuko njiani anakuja kufanya mpango wa usafiri.

Aliingia na basi la asubuhi, Jumamosi. Amekonda, na mikono yake ina udongo wa karanga kwenye mistari. "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakukaa. Mama mdogo akaanza kupanga: tutafute gari la kukodi, au tumwombe mchungaji, au asubiriwe yule jirani mwenye pikapu. Mama alikuwa anamsikiliza huku anatazama kitenge.

Akaenda akakifunua.

Aliizunguka. Akaminya matairi. Akapanda, akapiga kiki moja, ikawaka. Akaiacha kwenye silensa, akainamisha kichwa upande, vilevile anavyofanya kanisani mtu akikosea. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Nilikuwa na hotuba nzima, niliyoitunga kwenye ile ndoo. Nikasema, "Hiyo ndiyo sauti yake, mama. Nzima. Ila ukipunguza mwendo, shuka gia."

Mama alisikiliza kwa muda ambao mama mdogo alimaliza kutaja magari yote ya mtaa. Kisha akafunga kofia ngumu kidevuni, akakanyaga gia ya kwanza, na mimi nikaenda kufungua geti, maana hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imebaki kwangu. Nikasimama nimelishikilia, natazama chini, nasubiri apite.

Hakupita. Alisimama sawa na mimi, mguu mmoja chini, injini ikilia tik-tik-tik kati yetu.

"Panda," akasema. "Ikizima, utaisukuma na bibi yako akiwa amekaa juu."